Nianze na ekstrakti au na nafaka? Jibu kwa anayetaka kupika bia yake ya kwanza

Swali la msomaji, kwa ufupi, ni hili. Anataka kuanza kupika bia nyumbani, kiasi cha lita 20 kwa mkupuo mmoja, na anayo sufuria ya lita 15 na jiko la kawaida. Rafiki yake, ambaye hupika kwa nafaka, amemwambia kwamba atumiaye ekstrakti ya kimea (maji matamu ya shayiri iliyochipuliwa, yaliyokolezwa kiwandani) hapiki bia bali anakoroga kazi ya mtu mwingine, na kwamba kama hayuko tayari kuanzia kwenye nafaka ni afadhali asianze kabisa. Anauliza kama rafiki huyo asema kweli, na ni njia ipi itakayompatia mapema bia inayonyweka.

Ndugu msomaji, jibu langu ni kwamba uanze na ekstrakti, tena ile ya unga mkavu, ukiiongezea kiasi kidogo cha kimea cha karameli kilicholowekwa, kisha uhamie kwenye nafaka utakapokuwa umeweza kulidhibiti joto la uchachukaji. Urahisi wa ekstrakti si haba, lakini sio sababu yangu kubwa. Njia hizi mbili zinatofautiana katika saa mbili tatu za mwanzo tu, ilhali kasoro nyingi zinazoiharibu bia ya mwanafunzi huzaliwa baada ya saa hizo, wakati ambapo mpishi wa nafaka na mpishi wa ekstrakti wanafanya kazi ile ile kwa vyombo vile vile. Anayeanza na nafaka huyakuta mambo mengi mageni kwa siku moja, na bia ikitoka mbaya hajui alaumu lipi.

Ili uone njia zinapoachana, tuanzie kwenye kimea chenyewe. Shayiri hulowekwa ikachipua, kisha hukaushwa kabla chipukizi halijala akiba ya punje. Kwa kuchipua huko punje hujipatia vimeng'enya vyenye uwezo wa kuukatakata wanga kuwa sukari, lakini wanga wenyewe bado umo ndani, karibu wote. Mpishi wa nafaka hukisaga kimea hicho kwa kukipasua tu, bila kukifanya unga laini, na kukiloweka katika maji yenye joto la nyuzi 65 hadi 68 za Selsiasi kwa muda wa saa moja hivi. Katika saa hiyo vimeng'enya hufanya kazi yake, na maji huwa matamu. Baada ya hapo huyachuja, huyasuuza machicha kwa maji ya moto ili sukari iliyobaki itoke, na anachokipata ndicho nitakachokiita hapa maji ya kimea. Ekstrakti ni maji hayo hayo ya kimea, yaliyotengenezwa kiwandani kwa shayiri ile ile, kisha yakapunguzwa maji mpaka yakawa shira nzito, au yakakaushwa kabisa yakawa unga. Unapoirudishia maji unakuwa umeurukia mlango wa pili. Hujaingia katika nyumba nyingine.

Hata hivyo rafiki yako hana makosa katika kila alilosema, na ni haki nikueleze unachokikosa. Joto la kulowekea ndilo linaloamua bia itakuwa nyepesi au nzito mdomoni. Kuna kimeng'enya kiitwacho beta-amilesi, kinachofanya kazi vizuri zaidi kati ya nyuzi 60 na 65, ambacho huukata wanga kuwa sukari ndogo zinazoliwa na chachu kwa urahisi. Na kuna alfa-amilesi, inayopenda nyuzi 68 hadi 72, ambayo huacha vipande vikubwa ambavyo chachu haiviwezi na hivyo hubaki katika bia kama unene. Mpishi wa nafaka akiloweka kwenye nyuzi 64 hupata bia kavu. Akiloweka kwenye 69 hupata bia yenye mwili. Katika ekstrakti uamuzi huo umekwisha kufanywa na kiwanda, na kwa kawaida umefanywa kwa namna ya wastani. Vilevile bia ya rangi ya dhahabu iliyo hafifu sana ni ngumu kuipata kwa ekstrakti, kwa kuwa kukoleza na kuchemsha mara mbili huongeza rangi. Shira nayo huzeeka: ikikaa miezi mingi katika kopo hugeuka kahawia na kuwa na ladha fulani ya wino au sukari guru, na ninaamini kwamba sifa mbaya ya ekstrakti kwa sehemu kubwa imetokana na makopo yaliyosahaulika rafuni. Unga mkavu haufikwi na hayo upesi, mradi ufungwe usipate unyevu, na ndiyo maana nimeupendekeza.

Upande wa pili wa mizani ni vyombo na muda. Kwa lita 20 za bia ya nguvu ya wastani, mpishi wa nafaka anahitaji kati ya kilo 4.5 na 5 za kimea. Nafaka hiyo hunywa takriban lita moja ya maji kwa kila kilo, wala haiirudishi, na uchemshaji wa saa moja hupoteza lita 3 au 4 za mvuke. Kwa hiyo ni lazima aanze na maji yapatayo lita 30. Sufuria yako ya lita 15 haitoshi hata nusu ya kazi hiyo, na jiko la kawaida litachukua muda mrefu mno kuyafikisha maji mengi hivyo kwenye mchemko, kama litaweza. Siku ya nafaka humeza saa 5 au 6 pamoja na kuosha vyombo. Ya ekstrakti humalizika kwa saa 3. Kuna pia suala la uchachu wa maji: ulowekaji huenda vizuri pH ikiwa kati ya 5.2 na 5.6, na maji yenye chokaa nyingi huipandisha. Anayetumia ekstrakti hana haja ya kulifikiria hilo, kwa kuwa pH ilishughulikiwa kiwandani na madini ya maji ya huko yamo ndani ya unga.

Sasa nikupe mpango wa siku yako ya kwanza. Nunua kilo 2.5 za ekstrakti kavu ya rangi hafifu (ukipata shira peke yake, iwe kilo 3 na iwe mpya), gramu 300 za kimea cha karameli kilichopasuliwa, gramu 50 za hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) na pakiti moja ya gramu 11 ya chachu kavu ya bia, ya jamii ya eli, yaani ile inayochachusha katika joto la chumba. Tia lita 10 za maji katika sufuria, yapashe moto hadi nyuzi 68, na uloweke kimea cha karameli ndani ya mfuko wa kitambaa kwa dakika 25. Kimea hiki kimeokwa kwa namna ambayo wanga wake umekwisha kugeuka sukari, kwa hiyo hakihitaji vimeng'enya. Kinatoa rangi, harufu ya tofi na ubichi wa nafaka ambao ekstrakti pekee haina. Utoe mfuko, uuache uchuruzike wenyewe bila kuukamua kwa nguvu, na usiache maji yapite nyuzi 77 ukiwa bado umo, kwa sababu maganda katika joto kubwa huachia tanini zinazokausha ulimi kama chai iliyokaa sana.

Kabla ya kuimimina ekstrakti, zima jiko. Sisitizo hili linaonekana dogo, lakini unga au shira ikitua kwenye kitako cha sufuria chenye moto chini yake huungua, na ladha ya kuungua haina dawa. Tia nusu tu ya ekstrakti, koroga hadi iyeyuke yote, ndipo uwashe tena. Nusu nyingine ingojee dakika 10 za mwisho, ukizima tena jiko kabla ya kuitia. Maji ya kimea yakiwa mazito mno hugeuka rangi upesi na huutoa uchungu wa hopsi kwa uvivu. Kwa kuchemsha yakiwa mepesi na kuyaongezea unene mwishoni unapata bia iliyo karibu zaidi na ile ya nafaka. Mchemko unapoanza, protini hupanda juu kama povu zito na kufurika kwa ghafla, hivyo usiondoke jikoni katika dakika 10 za mwanzo, na uwe na kijiko mkononi. Usiifunike sufuria. Kimea kina kiambata ambacho kikichemka hutoa gesi yenye harufu ya mahindi ya kuchemsha, na gesi hiyo inapaswa kutoka na mvuke.

Hopsi hufanya kazi mbili zinazokinzana. Asidi za alfa zilizomo katika maua yake hazina uchungu wa maana mpaka zichemshwe kwa muda mrefu zikabadilika umbo. Mafuta yake ya harufu, kinyume chake, hupotea kwa mvuke ndani ya dakika chache. Kwa sababu hiyo gramu 30 zitaingia mwanzoni mwa mchemko, zipate dakika 60, na gramu 20 zitaingia zikibaki dakika 5. Ikiwa pakiti imeandikwa asidi za alfa asilimia 8, utapata uchungu wa wastani unaolingana na utamu wa bia hii. Ikiwa imeandikwa asilimia 12, punguza zile za mwanzo ziwe gramu 20. Wanaoanza huvutiwa mno na hopsi na kutia za kila aina; bia ya kwanza yenye aina moja itakufundisha mengi kuliko yenye tano.

Dakika unayozima jiko ndiyo mpaka wa kazi yote. Kabla yake uchafu mdogo hauna madhara makubwa kwa kuwa moto utaua karibu kila kitu. Baada yake, kila kinachogusa maji ya kimea, iwe ndoo, mfuniko, kijiko, mpira wa kufyonzea, kipimajoto au makasi ya kufungulia chachu, ni lazima kiwe kimeoshwa na kisha kimetakaswa kwa dawa ya kuua vijidudu. Hizo ni hatua mbili wala si moja. Dawa haiwezi kupenya uchafu uliokauka, na ndoo inayong'aa bado inaweza kuwa na bakteria. Dawa zilizotengenezwa kwa asidi ya fosfori, ambazo hazihitaji kusuuzwa, ndizo ninazozipendelea. Za iodini nazo ni nzuri zikipimwa kama maelezo yake yanavyosema. Dawa ya klorini ya kufulia inafanya kazi, lakini inataka kusuuzwa sana kwa maji yaliyochemshwa, kwani mabaki yake hukutana na viambata vya kimea na kuzaa ladha ya plasta na hospitali ambayo hugundulika hata ikiwa kidogo mno. Na kamwe usiichanganye na siki au asidi yoyote: hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu.

Ladha hiyo hiyo huweza kuletwa na maji ya bomba. Klorini ya kawaida huondoka maji yakichemshwa, ila klorameni, ambayo miji mingi huitumia, haiondoki kwa njia hiyo. Kidonge cha metabisulfaiti kinachouzwa kwa watengenezaji wa mvinyo huimaliza kwa dakika chache, na nusu kidonge inatosha kabisa kwa maji yako yote. Ni kitu kidogo cha kununua, na kimeokoa bia nyingi ambazo wenyewe waliamini kwamba zimeharibiwa na uchafu.

Ipoze sufuria kwa kuizamisha katika beseni la maji baridi na barafu, ukibadilisha maji ya beseni yanapopata joto. Kwa kuwa umechemsha sehemu tu ya ujazo, unayo fursa ambayo mpishi wa lita zote hana: jana yake chemsha lita 12 za maji, yafunike, yatie kwenye friji, na leo yamimine katika ndoo ya kuchachushia pamoja na maji ya kimea yaliyokwisha kupoa kiasi, mpaka ufike lita 20. Tikisa au koroga kwa nguvu ili hewa iingie. Huu ndio wakati pekee ambao oksijeni inakaribishwa, kwa sababu chachu inaihitaji ili ijenge utando wa seli zake inapozaliana. Chukua kipimo cha haidromita sasa, yaani chombo kinachoelea na kuonyesha uzito ambao sukari imeyapa maji; usome namba iliyo karibu na 1.048, na uiandike. Ukiona pungufu au ziada kubwa, sababu yake karibu kila mara ni kwamba maji ya chini na ya juu hayajachanganyika vizuri, kwa maana kiasi cha sukari katika ekstrakti hakibadilikibadiliki kama cha nafaka.

Hapa tunafikia chachu na joto lake, jambo ambalo lingekuwa peke yake ndani ya jibu hili kama ningelazimika kuchagua moja. Sheria ya bia ya Bavaria ya mwaka 1516 ilitaja shayiri, hopsi na maji. Chachu haikutajwa, kwa kuwa haikujulikana kwamba ni kiumbe kinachofanya kazi. Ilikuwa mwaka 1883 ambapo Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alifanikiwa kuotesha chachu safi kutoka katika seli moja, na tangu hapo mpishi akaweza kuchagua ni nani atakayemfanyia kazi. Wanaoanza bado wanaishi kana kwamba ni mwaka 1516: wanatafuta vifaa vya kulowekea, wanabishana juu ya hopsi, halafu wanamwaga chachu juu ya maji ya kimea yenye nyuzi 30 na kuifunika ndoo.

Chachu za eli nyingi hufanya kazi nzuri kati ya nyuzi 18 na 21. Nyuzi hizo ni za bia yenyewe, si za chumba. Uchachukaji unapopamba moto, siku ya pili na ya tatu, chachu hutoa joto lake, na bia iliyo katika chumba chenye nyuzi 22 yaweza kufikia 25 au zaidi bila wewe kujua. Katika joto hilo chachu hutengeneza pombe nzito zinazochoma koo, pamoja na esta zenye harufu ya ndizi iliyoiva kupita kiasi au ya rangi ya kucha. Hayo hayatoki kwa kusubiri. Kwa hiyo iweke ndoo ndani ya beseni pana lenye maji hadi nusu ya kimo chake, ivishe fulana iliyolowa ambayo pindo lake liko majini, elekeza feni kwake, na asubuhi na jioni badilisha chupa za barafu zinazoelea ndani ya beseni. Bandika kipimajoto cha utepe kwenye ndoo ili ujue ukweli. Siku tatu za kwanza ndizo zinazoamua karibu kila kitu. Baada yake unaweza kuliacha joto lipande hadi 21 au 22, na kupanda huko kunaisaidia chachu kusafisha mabaki yake yenyewe, hasa diasetili, ambayo huleta ladha ya siagi, na asetaldehaidi, ambayo huleta ladha ya tufaha bichi.

Kama unaishi penye joto na huwezi kuishusha bia chini ya nyuzi 28 kwa mbinu zozote hizo, kuna njia ya tatu: chachu za kveik, zilizotunzwa kwa vizazi vingi katika mashamba ya magharibi ya Norway, ambazo huchachusha vizuri kwenye nyuzi 30 hadi 38. Ni bora kuchagua chachu inayolipenda joto ulilonalo kuliko kuilazimisha nyingine. Laga, ambayo chachu yake hutaka nyuzi 8 hadi 13 na majuma ya kuhifadhiwa penye baridi kali, iache kwanza, hata kama ndiyo bia uipendayo zaidi.

Funika ndoo kwa mfuniko wenye kizibo cha maji, kile kinachoruhusu gesi itoke bila kuiacha hewa iingie. Usikitegemee kizibo hicho kama saa. Mapovu yanaweza kukoma kwa sababu mfuniko unavuja, na yanaweza kuendelea kwa sababu chumba kimepata joto na gesi iliyoyeyuka inatoka. Ushahidi ni haidromita peke yake: baada ya siku 10 pima, baada ya siku 3 pima tena, na namba ikiwa ile ile, mahali fulani kati ya 1.010 na 1.014, kazi imekwisha. Ukiondoa namba ya mwisho kutoka ile ya mwanzo na kuzidisha tofauti kwa 131, unapata asilimia ya kilevi, kutoka 1.048 hadi 1.012 ni asilimia 4.7 hivi. Bia ya ekstrakti mara nyingine hukwama karibu na 1.016 au 1.018. Ipe joto kidogo, izungushe ndoo taratibu ili chachu iliyolala chini inyanyuke, na usubiri siku kadhaa kabla ya kuamua lolote.

Subira hiyo inahusu usalama pia. Ukiitia chupani bia ambayo haijamaliza kuchachuka, sukari iliyobaki itaendelea kutoa gesi ndani ya chupa iliyofungwa, na chupa hupasuka kwa nguvu ya kutosha kumjeruhi mtu. Tumia chupa za bia zilizo nzima, nzito, za rangi ya kahawia. Chupa za mvinyo usio na gesi hazikuumbwa kwa shinikizo hilo, na kioo cheupe au cha kijani huruhusu mwanga ambao huvunja viambata vya hopsi na kuleta harufu ya kicheche. Pima gramu 120 za sukari nyeupe kwa mizani, si kwa kikombe, ichemshe katika maji kidogo, itie kwenye ndoo nyingine iliyotakaswa, na uhamishe bia juu yake kwa mpira wa kufyonzea, ncha ya mpira ikiwa chini ya uso wa bia ili isirushe matone hewani. Kuanzia uchachukaji ulipoanza, oksijeni imekuwa adui. Ikiingia sasa, bia itakuwa na ladha ya karatasi ngumu iliyoloa ndani ya majuma machache. Mashapo yaliyo chini ya ndoo ya kwanza yaache huko huko. Acha nafasi ya sentimita 3 chini ya kizibo, weka chupa penye nyuzi 20 kwa majuma mawili, kisha zitie kwenye friji moja baada ya nyingine na ujionee zinavyobadilika.

Nigusie haraka hofu mbili ambazo hujitokeza kila mara. Ya kwanza ni ya methanoli. Shayiri iliyochachuka haitoi methanoli ya kudhuru mtu. Vifo unavyovisikia hutokana na pombe kali haramu, hasa ile iliyotiwa spiriti ya viwandani. Kunereka ni kazi nyingine, yenye hatari na sheria zake, na mimi sizungumzii hiyo hapa. Ya pili ni sheria ya kupika bia yenyewe, ambayo inatofautiana kutoka nchi hadi nchi: ziko zinazoruhusu kwa matumizi ya nyumbani bila kuuza, ziko zinazotaka kibali, na ziko zinazokataza kabisa. Iangalie ya kwako kabla ya kununua kitu.

Na lini uhamie kwenye nafaka? Utakapoweza kupika bia ile ile mara mbili ikatoka na ladha ile ile. Hapo utakuwa umeishika chachu, na ndipo joto la kulowekea litakapokuwa na maana, kwa sababu utaweza kuisikia tofauti yake katika glasi. Usinunue mapipa matatu na pampu. Wapishi wa Australia walieneza njia ya kulowekea ndani ya mfuko mmoja mkubwa wa kitambaa unaotandazwa katika sufuria: nafaka huingia humo, hukaa saa moja, mfuko huinuliwa ukachuruzike, na sufuria ile ile huendelea na mchemko. Kwa lita 20 utahitaji sufuria ya lita 40 na moto mkali. Ukitaka kubaki na sufuria yako ya 15, pika lita 8 tu kwa kilo 1.8 za kimea hafifu na gramu 120 za karameli, jambo ambalo mimi naliona kuwa la busara kwa majaribio.

Katika upishi huo wa kwanza wa nafaka rudia bia uliyoizoea, kwa hopsi zile zile na chachu ile ile, ukiloweka kwenye nyuzi 67. Yafikishe maji kwenye nyuzi kama 70 kabla ya kumimina nafaka, kwani itayapoza kwa nyuzi mbili tatu. Koroga mpaka pasiwe na donge kavu, ifunike sufuria, ivishe blanketi, na usiifungue kila dakika kuchungulia. Namba ya haidromita pengine itakuwa chini ya ulivyotarajia, na kisababishi cha kwanza cha kuchunguza ni usagaji: punje zilizobaki nzima hazitoi sukari, kwa hiyo omba kimea chako kipasuliwe zaidi, kwani mfuko hauzibiki kirahisi kama chujio la mapipa. Weka kando ekstrakti kavu kidogo kwa siku kama hiyo. Katika lita 20, gramu 270 za unga huo zikitiwa dakika 10 kabla ya kuzima jiko zitaipandisha bia kutoka 1.043 hadi 1.048, katika lita 8, gramu 110 zinatosha.